Mkono Uliokataa Kisu

Kama umeamka leo umechoka kuliko ulivyolala, mwili wote unauma, na ukiulizwa wapi panauma unashindwa pa kuonyesha, basi nakuandikia wewe. Wengine wakitaka kusoma sikatazi, lakini watapata kazi kuelewa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jina langu Saidi. Nilikuwa mchinjaji wa Majengo, Embu, na baba yangu kabla yangu. Ugonjwa ulinianza wakati wa Emajensi, Waingereza wakipigana na Mau Mau wa msituni, sijafika hata miaka thelathini, na jina lake nimelijua juzi juzi tu, nikiwa mzee wa mkongojo. Daktari mmoja kijana alinibonyeza mabega na magoti, nikaruka kama mtoto, akasema, "Mzee, hii inaitwa fibromialjia." Nikamwambia aniandikie kwenye karatasi. Karatasi ninayo mpaka leo, na haki ya Mungu nilifurahi, maana miaka yote hiyo nilikuwa naumwa kitu kisicho na jina. Nikamuuliza dawa. Akasema ya kuiondoa kabisa hakuna, ila nitembee kila siku, nisijilaze wala nisijichoshe. Hapo nilicheka mbele yake. Hayo nilishafundishwa na mama mkwe wangu, daktari huyo hajazaliwa.

Kwanza ujue kazi yenyewe. Mchinjaji si muuza nyama. Wenye bucha walikuwa wanne, ng'ombe wao, nyama yao. Mimi nilikuwa mwenye kisu. Ng'ombe analazwa, anaelekezwa kibla, unasema Bismillahi, unakata, na kisu hakiinuliwi mpaka umemaliza. Ukikiinua katikati, watu wataanza kuuliza kama nyama ile ni halali au ni mzoga. Ndiyo sababu kisu hapewi mtu yeyote tu. Mimi nilikabidhiwa na wazee wa msikiti baba alipofariki. Athumani, mwenzangu aliyekuwa akilaza ng'ombe na kushika miguu, alikitaka tangu siku hiyo na wala hakuficha.

Na wakati ule kisu kilikuwa zaidi ya kazi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kutembea na pasi iliyoandikwa kabila na kazi. Mimi baba yangu Mnyamwezi, mama Mwembu. Karani aliniuliza kabila, nikamtajia yote mawili. "Chagua moja," akasema. Nikachagua la mama, sijui kwa nini, pengine kwa kuwa yeye alikuwa bado hai. Akaandika: Mwembu, mchinjaji. Sasa Mwembu asiye na kazi, akikutwa amekaa nyumbani mchana, alichukuliwa kwenda kuulizwa maswali, na wengine walikawia sana kurudi. Kwa hiyo niliposhika kile kisu, nilikuwa nimewashika pia mke wangu Halima na binti zetu wawili.

Ugonjwa ulianza katika baridi ya Julai. Siku ya kwanza shingo, nikasema nimelala vibaya. Baada ya wiki ikawa mabega, halafu vidole, halafu nyonga, mpaka nyayo. Maumivu yenyewe hayakutulia mahali. Leo bega la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa yote mawili na goti juu yake. Shati likinigusa naumia. Usiku nalala, asubuhi naamka kama niliyechota maji ya mtaa mzima. Na kichwa nacho kikaharibika. Nilikuwa naanza sentensi siimalizi. Nilisali adhuhuri nikasahau nimefika rakaa ya ngapi, nikaanza upya, nikasahau tena.

Nikaenda hospitali. Wale mnaojua benchi za kungojea mnajua, lakini benchi za wakati ule zilikuwa na mambo mengine. Kulia kwangu alikaa homgadi, mlinzi wa kijiji wa upande wa serikali, amefungwa kitambaa kichwani, damu imepita. Kushoto, mama mwenye mkono uliovunjika. Mbele yetu mtu amelala kwenye machela na askari amesimama juu yake. Yule homgadi akanigeukia.

"Wewe umepigwa wapi?"

"Sijapigwa."

"Basi umekatwa?"

"Sijakatwa."

"Sasa unaumwa nini, bwana?"

"Kila mahali," nikasema.

Alicheka mpaka akashika kitambaa chake. Yule mama wa mkono akacheka naye. Mimi nilitamani hata kakidonda kamoja, niwaonyeshe. Aibu ile niliibeba nyumbani na nimeikumbuka kuliko sindano zote.

Dresa, yule mfunga vidonda, alinipima joto, akaniangalia macho na ulimi, akasema, "Hiyo mwili yako iko sawa. Huna kitu." Akanipa aspirini. Nilipomaliza aspirini nikarudi, akanipa kwinini, masikio yakalia wiki nzima na maumivu yako pale pale. Mara ya tatu hakuniangalia hata usoni. "Wewe unatafuta cheti ya kulala nyumbani," akasema. "Nenda kazini."

Basi kila mtu akawa na lake. Jirani akasema ni damu ya wanyama inanidai. Mama yangu akasema ni baridi imeingia kwenye mifupa, akanikanda kwa mafuta ya kondoo mpaka nikanuka zizi. Mwalimu Juma wa msikiti aliniandikia aya kwenye sahani kwa zafarani, akaiosha kwa maji, nikanywa hilo kombe siku saba. Fundi mmoja akaniumika mgongo kwa pembe. Wapo walionong'ona kwamba nimekula kiapo cha msituni na sasa kinanila mimi. Hilo la mwisho ndilo lililoniogopesha, maana neno kama hilo likifika kwa mkuu wa kata halikuishia kwenye maneno. Kiapo sikula. Lakini nawaambia ukweli, nilifika mahali nikaanza kujiuliza kama labda nilikula nikasahau.

Nikafanya kosa la kwanza. Nikasema, mwili umechoka, nitaupumzisha. Nililala siku sita, Athumani akashika kisu. Siku ya saba kusimama kulinishinda. Halima akanishika kwapani, nikalia kwa uchungu, binti mkubwa akakimbilia nje. Nilikuwa nimelala ili nipone, na kulala kumenimaliza. Hebu niambie mtu wa namna hiyo afanye nini.

Nikafanya kosa la pili. Siku moja niliamka mwepesi. Alhamdulillahi, nikasema, umeondoka. Nikachinja ng'ombe wote, nikachuna, nikabeba ngozi mabegani mpaka kwa mnunuzi, nikarudi nikapasua kuni. Siku nne zilizofuata sikuweza kushika kikombe. Halima alikasirika kweli kweli.

"Siku moja simba, siku nne gunia!" akasema. "Mimi nimeolewa na nani kati ya hao wawili? Niambie nijue nimpikie nani."

"Hata mimi sijui," nikamjibu, na sikuwa natania.

Mvua ya njahi, ile ndefu ya masika, ilipokaribia, mama mkwe akaja. Yeye alikuwa upande wa Karurumo, katika kile kijiji walimokusanywa watu na serikali kwa nguvu, nyumba zimebanana na mtaro umezunguka pande zote. Alipata barua ya ruhusa ya siku tatu aje kung'olewa jino. Nyumba yetu vyumba viwili, na kwa desturi zao mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaangaliani usoni wala hawakai pamoja. Hivyo yeye akakaa jikoni na mimi nikakaa uani nyuma ya ukuta wa jiko, kwenye kigoda, nikiona haya na maumivu yangu.

Nilimsikia akiuliza kwa Kiembu, "Huyo mwanaume wako mbona anakaa kama kuku mwenye ugonjwa?"

Halima akamweleza yote, la simba na gunia pia. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akapaza sauti, ingawa bado alikuwa anasema na Halima. Ukuta ule ulikuwa wa udongo, na alijua vizuri nipo upande wa pili.

"Mwambie mimi ninaumwa mgongo, magoti, na sasa jino. Na kila siku nachimba mtaro, homgadi amesimama na fimbo. Mwambie siku za kwanza nilichimba kwa hasira, nikaanguka. Nikalala, nikapigwa. Jirani yangu alilala zaidi yangu, miguu ikakauka, sasa anabebwa kwenda chooni."

"Anasikia, Mama," Halima akasema.

"Mimi sisemi na yeye. Mwambie sisi wanawake tunachimba hivi: majembe kumi, halafu unainama unatoa jiwe kwenye jembe."

"Jiwe gani?"

"Hakuna jiwe! Wewe nawe, na mji umekufanya mjinga. Unajifanya unatoa. Unanyoosha mgongo, unapumua, homgadi anaona unatengeneza jembe. Majembe kumi tena. Ukijisikia una nguvu, kumi tu. Ukijisikia kufa, kumi vilevile, au tano. Asiyejua kutoa jiwe ndiye anayebebwa."

Nilicheka pale uani, nikaziba mdomo. Yeye akasikia. "Na umwambie mkwe hacheki," akasema, lakini sauti yake ilikuwa imelainika. Aliondoka siku ya tatu bila jino na bila kuniona uso, na hakuna dresa aliyenisaidia kama yeye.

Nikatafuta jiwe langu mimi. Nikaona ni kinoo. Nani atamuuliza mchinjaji kwa nini ananoa kisu? Ng'ombe mmoja, nanoa. Nanoa polepole, nimekaa, mabega nimeyashusha, navuta pumzi. Halafu ng'ombe wa pili. Athumani aliona kunoa kumezidi, akasema, "Saidi, hicho kisu kitaisha kiwe sindano." Nikamwambia Mtume ametuamuru kisu kiwe kikali. Akarudi kwenye kamba zake.

Nyumbani vilevile. Asubuhi Halima ananipashia maji, naloweka mikono mpaka vidole vifunguke. Kisha natembea, hadi kwenye mfereji wa maji na kurudi, niwe mzima niwe mgonjwa. Siku nzuri sipiti mfereji hata nikitamani. Siku mbaya nafika nusu, nakaa kwenye jiwe, narudi. Askari wa kizuizi cha barabarani walinizoea, wakaacha kuniuliza pasi. Njahi, maharagwe yale meusi, tulizopanda nyuma ya nyumba nilizipalilia mstari mmoja kwa siku, kwa kukaa chini na kujisogeza kwa makalio. Binti zangu walicheka sana. Lakini tuliula ule mstari wangu.

Nikadhani nimeumaliza ugonjwa. Sikuumaliza, na hapa ndipo nataka usome vizuri.

Ilikuwa Alhamisi moja mvua imenyesha. Ng'ombe watatu, wenye bucha wana haraka, Athumani anakokota wa tatu kabla sijakaa. Nikaona haya kunoa tena. Alipolazwa nikasema Bismillahi, nikaanza kukata, na pale katikati maumivu yakanishika kuanzia shingoni mpaka kidole gumba. Vidole vikafunguka vyenyewe. Kisu kikainuka.

Nikakirudisha, nikamaliza. Ng'ombe akatulia. Athumani alikuwa ameshika miguu ya nyuma, uso chini. Aliona? Hakuona? Na mimi nilikaa muda gani kisu kikiwa juu, pumzi moja au pumzi tano? Nawaapia, sijui. Nilijaribu kukumbuka siku ile ile ikanishinda, seuze leo. Nyama ikatundikwa. Watu wakanunua. Niliwaona kina mama wakipita na nyama imefungwa kwenye majani ya mgomba, kila mmoja ananisalimu, "Bwana Saidi, hujambo?"

Jioni Halima aliweka mchuzi wa nyama mezani. Nikasema nimeshiba. Kesho yake nikasema nimeshiba. Wiki mbili sikugusa nyama, na kila nikishika kisu vidole vinataka kufunguka hata kabla havijauma, ikawa sijui tena lipi ni ugonjwa na lipi ni woga. Nikisema, wazee watakichukua kisu, na pasi yangu itakuwa ya uongo. Nisiposema, nitaulisha mji kitu ninachokitilia shaka, na siku nyingine nitakiinua tena. Niligeuka huku na huku, nikawa mkali kwa watoto bila sababu.

Halima akaniketisha. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema. "Sema."

Nikamwambia. Nilidhani atalia. Akasema, "Kwa hiyo ndiyo sababu unamaliza mboga zangu zote za majani? Inuka uende kwa Mwalimu Juma. Tembea, usingoje mpaka uwe umepona."

Mwalimu Juma alinisikiliza akiwa ameketi kizingitini pa msikiti. Aliniuliza kama nilikirudisha kisu papo hapo. Nikasema sijui. Akaniuliza kama mnyama alikuwa bado na uhai wake. Nikasema naona alikuwa nao.

"Waliokula hawana kosa, hawakujua," akasema. "Na wewe uliyeshindwa na mkono huna kosa. Lakini Saidi, mimi nilidhani kombe lilikuponya. Tangu lini unaumwa hivi?"

"Tangu baridi ya mwaka jana."

"Na kila asubuhi nikikuuliza hali, unanijibu nini?"

"Nakujibu sijambo."

"Hapo sasa," akasema. "Hapo ndipo penye kosa."

Akaniambia kisu hatakichukua. Ila atanipa sharti moja. Kila asubuhi, kabla ya ng'ombe wa kwanza, nisimame mbele ya wenye bucha niseme mkono wangu ukoje. Ukiwa mzima niseme mzima, nichinje. Ukikataa, niseme umekataa, nimpe Athumani, na mimi nifanye kazi nyingine pale pale, ili pasi yangu ibaki ya kweli. Nikamwomba anipe sharti lingine. Nilimwambia bora anichape. Kusema mbele ya wanaume, mbele ya Athumani, kwamba naumwa na hakuna kidonda! Akasema hana lingine.

Siku tatu za kwanza mkono ulikuwa mzima, nikasema mzima, wakanitazama kama mwendawazimu. Siku ya nne niliamka vidole vimekunjika. Niliviloweka, nikatembea mpaka mfereji na kurudi, vikakataa. Nikaenda machinjioni. Wenye bucha wanne wamesimama na makoti yao, Athumani ameshika kamba, askari wawili wa kambi wamekuja kungoja nyama yao.

"Leo mkono umekataa," nikasema. "Unauma. Naumwa kila mahali, mwaka mzima sasa, na Alhamisi ile ya mvua kisu kiliinuka mkononi mwangu. Athumani, shika."

Nikangoja wacheke kama yule homgadi. Hakuna aliyecheka. Mwenye bucha mmoja, mzee wetu, alitazama chini akasugua goti lake. Athumani alikuja, akakipokea kisu kwa mikono miwili. Hakunitazama.

"Niliona," akasema kwa sauti ya chini. "Pumzi moja tu, Saidi. Moja."

Wiki zote zile alikuwa anajua, yule aliyekitaka kisu changu, na neno moja lingetosha kukipata. Kwa nini hakusema, sijui. Sikumuuliza, na sasa ni marehemu, Mungu amrehemu.

Niliosha matumbo asubuhi ile, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, pole pole. Kazi ilipokwisha nikatoka. Nilimkuta Halima njiani anatoka sokoni, na nilipomwona tu machozi yakanishuka, mwanaume mzima, barabarani, mchana.

"Wamekufukuza?" akauliza.

"Hapana."

"Wamekucheka?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui, Halima. Wallahi sijui."

Akaniangalia. Akahamisha kikapu mkono wa pili, akanishika kiwiko, mahali ambapo hapaumi sana.

"Basi lia ukitembea," akasema. "Ukisimama utaganda."